Mkono ndani ya rundo: historia ya ghushi sokoni na dawa za nywele zinazouzwa kwenye simu



Ndugu zangu na wanangu mnaofuatilia darsa hizi, kwa muda sasa nimekuwa nikipokea masuali ya aina moja, mengi yakitoka kwa akina mama na wasichana, na machache kwa wanaume. Nywele zinakatika, upara unaingia mbele, au baada ya kujifungua kichwa kimekuwa chepesi. Mtu kaona tangazo kwenye simu, picha ya kichwa kitupu na pembeni yake kichwa kilichojaa nywele. Katuma pesa kwa simu, mzigo umekuja kwa boti hadi Mkoani, kaufungua na kukuta kichupa cha mafuta kisicho na jina la mtengenezaji. Dada mmoja alijipaka usiku, asubuhi akaamka ngozi ya kichwa imevimba. Wanauliza mambo mawili: nitaijuaje dawa ya uongo kabla sijalipa, na sheria inasemaje juu ya pesa yangu iliyokwenda?

Nimeona nisijibu kwa mistari miwili. Hila hizi si mpya. Simu ndiyo mpya. Kila hila mnayoiona kwenye tangazo ilikwishafanywa sokoni zamani, ikapewa jina, na ikawekewa hukumu. Kwa hiyo leo darsa yetu ni ya historia, na jibu la masuali yenu limo humo humo.

Nianze na aibu, kwa sababu muuzaji wa uongo anaishi kwa aibu ya mnunuzi. Huku kwetu mwanamke ana mtandio wake na mwanamme ana kofia yake. Upungufu wa nywele haujulikani ila ndani ya nyumba. Basi mtu hununua kwa siri, hudhulumiwa kwa siri, na hunyamaza. Aliyeuziwa mchele mbovu atarudi dukani na kusema mbele za watu. Aliyeuziwa mafuta ya upara ya uongo hata dada yake wa tumbo moja hamwambii. Muuzaji analijua hilo kuliko anavyoijua bidhaa yake.

Na aibu hii haina asili katika dini. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kimepokewa kisa cha watu watatu wa Bani Israili: mwenye mbalanga, mwenye upara na kipofu. Malaika alimjia kila mmoja na kumuuliza kitu akipendacho zaidi. Yule mwenye upara hakuomba ufalme. Aliomba nywele nzuri, na aondokewe na jambo lile lililowafanya watu wamchukie. Akapanguswa kichwa, akapewa nywele, kisha akapewa na ng'ombe mwenye mimba. Baadaye alifeli mtihani wake, lakini alifeli kwa kumnyima masikini aliyemjia kuomba. Kutamani nywele hakulaumiwa kwako. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama zetu wakasema kutibu upara ni kuondoa kasoro kama kutibu maradhi mengine, na si katika kule kubadilisha maumbile kulikokatazwa. Kuunganisha nywele za mtu mwengine ni mlango mwengine, una makatazo yake, na siufungui leo.

Sasa tuingie sokoni.

Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la chakula likiuzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye nacho, naye akajibu kuwa kilipatwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akamtenga na umma wake mwenye kughushi.

Hadithi hii tunaisoma tangu chuoni, lakini mara nyingi tunakimbilia mwisho wake. Iangalieni katikati. Chakula kile kilikuwa chakula kweli, hakikutiwa mchanga wala mawe. Ghushi yake ilikuwa ni mpango tu: kikavu juu, kilicholowa chini. Na iligunduliwa kwa mkono kuingia ndani ya rundo. Mtume hakutosheka na kutazama juu.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya soko la Madina na soko la kwenye simu. Kwenye simu hakuna rundo. Kuna picha ya juu ya rundo.

Hila ya pili inaitwa tasriya. Mtu anataka kumuuza mbuzi au ngamia, basi anamfunga chuchu siku mbili tatu asikamuliwe, kiwele kinajaa, na mnunuzi anaona mnyama wa maziwa mengi. Bukhari na Muslim wamepokea makatazo yake, na kwamba mnunuzi akishamkamua ana hiari: akiridhika atamweka, na asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Katika riwaya ya Muslim hiari hiyo imetajwa kuwa ni ya siku tatu. Hapa napo maziwa yale ni ya kweli. Kilichoongopa ni sura.

Tangazo la kabla na baada ni tasriya ya zama zetu. Ile ya kabla hupigwa nywele zikiwa zimelowa na kugawanywa, mwanga ukimulika utosini, maana nywele zilizolowa huonesha ngozi. Ile ya baada hupigwa zikiwa kavu, zimechanwa na kulazwa, mwanga umetoka ubavuni. Mara nyengine ni mtu mwengine kabisa, na siku hizi kompyuta inatengeneza kichwa ambacho hakina mwenyewe. Na msidhani mafakihi wa zamani hawakulifikia suala la nywele. Minhaaj ya Imamu Nawawi, ambayo imesomeshwa visiwani kwetu vizazi kwa vizazi, inapomaliza tasriya inaambatanisha nayo hila za sura: kuwekundisha uso, kutia nywele weusi, kuzisokota zionekane za mawimbi. Mifano hiyo ilikuwa juu ya watumwa waliokuwa wakiuzwa, na ni aibu kuisoma leo katika kisiwa ambacho mikarafuu yake ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Lakini hukumu imebaki: nywele zikipambwa ili kumdanganya mnunuzi, mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Hila ya tatu ni najshi. Mtu anasimama kwenye mnada na kupandisha bei ya kitu asichokitaka, ili mwengine ahadaike akinunue. Imekatazwa katika hadithi sahihi. Wale wanaoandika chini ya tangazo kwamba wametumia wiki mbili tu na nywele zimejaa, mashaallah, ilhali hawakununua kitu, kazi yao ni ndugu wa najshi. Na hapa nataka mjue jambo linalowashangaza wengi: katika madhehebu yetu ya Kishafi, kauli yenye nguvu ni kuwa aliyehadaika kwa najshi hana hiari ya kurudisha. Dhambi ni ya aliyehadaa, lakini mnunuzi anahesabiwa kuwa amezembea kwa kutegemea kelele za watu asiwaulize wajuzi. Kali kauli hii, lakini ina faida kwetu. Sifa zilizoandikwa chini ya bidhaa si ushahidi, na fiqhi haikukubali kuzifanya ushahidi. Anayejua bidhaa ndiye wa kuulizwa.

Ulipokua mji wa Kiislamu na bidhaa zikaja kutoka mbali, mkono wa mnunuzi ukawa hautoshi. Ndipo kazi ya muhtasib, mkaguzi wa soko, ikapata nguvu. Katika karne ya 6 ya Hijria, nchi ya Sham, Abdurrahman bin Nasr Ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumuongoza mkaguzi huyo, fani kwa fani: waoka mikate, wachinjaji, wafuaji vyuma, na wauza dawa. Kwenye wauza dawa alikuwa mkali kuliko kwengine, kwa sababu ghushi yao ni nyingi haihesabiki na madhara yake yanaingia mwilini. Anaeleza kuwa afyuni, iliyokuwa dawa ya maumivu, ilichanganywa na utomvu wa majani ya saladi ya mwituni na gundi. Tabashiri, ule unga mweupe unaotoka ndani ya mianzi, ilichanganywa na mifupa iliyochomwa. Ukiitia majini mifupa huzama na tabashiri huelea. Ubani ulitiwa utomvu wa miti mengine, na kuujua ni kuutupa motoni ukatazame unavyowaka na kunusa kinachotoka.

Tena zipo hila alizokusudia asizitaje, kwa kuogopa kuwafundisha wasio na dini. Nami namfuata katika hilo. Sitaeleza vichupa vya bandia vinajazwa vipi.

Tazameni vipimo vyake lakini: maji, moto, pua. Vyote vinahitaji kitu kiwe mkononi. Na ndiyo maana mkaguzi alitakiwa aende mwenyewe dukani.

Sisi Wapemba hatuna haja ya kwenda Sham kulielewa hili. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Ya Pemba ilisalimika kwa wingi, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya visiwa hivi imekuwa ikitoka huku. Ikaenda Bombay, ikaenda London, na baadaye ikaenda Jawa kutiwa kwenye sigara. Aliyeisaga huko mwisho wa safari hakumjua aliyeianika Konde au Kengeja. Baina yao walikaa watu wengi, na kila mmoja angeweza kuongeza uzito njiani. Mnazijua njia zenyewe: karafuu isiyokauka vizuri, makonyo yasiyochambuliwa yakaachwa ndani, mpeta ukafichwa katikati ya gunia. Huko Ulaya nako wapo waliozikamua mafuta karafuu nzuri kisha wakazichanganya na nyengine wakaziuza tena. Sura ni ya karafuu, ukubwa ni wa karafuu, ila kilichokuwa kikitafutwa kimekwishatoka.

Bibi zetu walikuwa na kipimo chao: ibonye kwa ukucha kichwani, karafuu hai itatoa mafuta. Kipimo kizuri, ila ukucha wa Pemba haufiki London. Basi ikabidi awepo mkaguzi kabla ya meli. Mwaka 1927 kilianzishwa chama cha wakulima wa karafuu, na 1934 serikali iliyokuwa chini ya Waingereza ikatoa amri kadhaa juu ya biashara hii, zikiwemo za kughushi mazao na kukagua yanayosafirishwa. Amri zile zilikuwa na siasa ndani yake. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wanatolewa sokoni, na 1937 wakaisusia karafuu. Hiyo ni darsa nyengine. Baada ya Mapinduzi likaja shirika letu la ZSTC mwaka 1968, na kila aliyepeleka gunia kituoni anajua kinachotokea: karani hatosheki na ya juu. Anazamisha mkono, anavunja karafuu asikie mlio wa ukavu, anatazama makonyo, ndipo anapotaja daraja. Kama haikukauka, unarudi nayo ukaianike tena. Wapo wanaomnung'unikia karani huyo mpaka leo. Mimi namuona kuwa anafanya sunna ya lile rundo la Madina, akijua asijue.

Sasa chukueni picha hiyo muitie kwenye dawa za nywele, maana nazo zina historia yake.

Marekani, miaka ya 1880, walikuwepo dada saba wa ukoo wa Sutherland, katika jimbo la New York. Nywele zao zilikuwa ndefu kiasi cha kufika chini, na watu walilipa kiingilio kwenda kuzitazama. Familia ikatoa dawa ya kuotesha nywele, ikaiuza kwa picha za dada hao, na ikapata utajiri mkubwa. Ilipochunguzwa, ndani ya chupa ilikutwa zaidi ni maji ya mmea na spiriti yenye manukato, na vitu vyengine kidogo kidogo. Nataka mkitafakari kisa hiki kwa sababu picha zile hazikuwa za uongo. Nywele zilikuwa zao, na walizipata kwa Mola wao kabla ya chupa kuwepo. Kwa hiyo hata ukithibitisha kuwa picha ni ya kweli na mtu ni wa kweli, bado hujathibitisha kuwa nywele zimetoka kwenye chupa. Muuzaji mwenye nywele nyingi hakushuhudii chochote ila kuwa ana nywele nyingi.

Dawa zilizothibitika ni chache mno. Inayojulikana zaidi ni minoksidili. Kwanza ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1979, na madaktari wakaona wagonjwa wanaotwa na nywele pasipotarajiwa. Ikatengenezwa ya kupaka, ikaruhusiwa 1988 kwa wanaume, na baadaye kwa wanawake. Ya pili ni finasteridi, iliyoanza 1992 kama dawa ya tezi dume, na 1997 ikaruhusiwa kwa upara wa wanaume. Hiyo inahitaji cheti cha daktari, na mwanamke mwenye mimba haambiwi asiinywe tu, anaambiwa hata asishike kidonge chake kilichovunjika, kwa kuhofia mtoto wa kiume aliye tumboni. Kati ya dawa hizo mbili, mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kuuza bila ya idhini yake dawa yoyote ya kupaka inayodai kuotesha nywele, kwa kuwa hazikuwa na ushahidi. Miaka mia moja tangu enzi za dada wa Sutherland, na jibu lilikuwa lile lile.

Mimi si tabibu, lakini historia hii inatupa kipimo kimoja ambacho hakihitaji kichupa kiwe mkononi. Minoksidili ya kweli, ikiwa itamfaa mtu, hutaka kupakwa kila siku kwa miezi, kama minne hivi, ndipo aanze kuona kitu, na akiiacha, nywele ilizozileta hupukutika. Basi anayekuahidi siku saba anakwambia kuwa anayo bora kuliko zote zilizopata kupimwa duniani, na anaiuza kwa shilingi elfu kumi na tano kupitia namba ya simu. Tena anasema inatibu kila aina ya kukatika nywele. Hakuna kitu kama hicho, kwa sababu nywele hukatika kwa sababu mbalimbali. Mapunye ni maradhi ya ukungu na yana dawa zake. Kusuka na kuvuta kwa nguvu kunang'oa nywele za mbele, na dawa yake ya mwanzo ni kuacha kuvuta. Aliyejifungua hupukutika miezi michache baadaye, na aghlabu hurudi bila ya kununua kitu. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo nayo hupukutisha, na huyo akipaka mafuta mwaka mzima anauficha ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye simu, nendeni hospitali, Abdalla Mzee, Chake Chake au Wete, mkaulize kwa nini.

Upande wa bandia, tofautisheni mambo mawili. Ipo dawa duni, iliyotengenezwa na mwenye haki ya kuitengeneza ila ikaharibika au ikapungua nguvu. Na ipo ya bandia, inayojipa jina lisilo lake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilikisia kuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia. Na sisi tumelionja. Mwaka 2012 Tanzania Bara zilikamatwa dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na zilikuwa zimeshaingia hospitali ya serikali. Ikiwa ya bandia ilipenya mpaka huko penye wafamasia na madaftari, itakuwaje kwenye mtandao pasipo na hata mlango wa duka?

Njia ya kutia mkono ndani ya rundo ukiwa na simu ni hii. Kabla ya kutuma pesa, muombe muuzaji akupigie picha ya kichupa chenyewe alichonacho, si ya tangazo, ikionesha jina na anwani ya mtengenezaji, kiasi cha dawa iliyomo, namba ya toleo, na tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika. Namba ya toleo kwenye boksi na kwenye kichupa ni lazima ziwe moja. Minoksidili ya kupaka huandikwa asilimia yake, kwa kawaida 2 au 5. Isiyosema ina asilimia ngapi haisemi ina nini. Kisha ichukue picha hiyo uende nayo kwa mfamasia unayemjua, au Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, wenye ofisi Unguja na hapa Pemba, uulize kama bidhaa hiyo imesajiliwa. Ndio wahtasibu wetu wa leo, na sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2006 imewapa kazi hiyo. Muuzaji mkweli hatachukia kuombwa picha. Mwenye kukasirika, au kukwambia zimebaki mbili tu uharakishe, amekwishakujibu.

Bei nayo inasema. Bidhaa inayouzwa maduka ya dawa kwa bei fulani, ukiipata kwa robo yake, jiulize robo tatu amezilipa nani.

Nimeliacha hili mpaka hapa kwa sababu linaniuma zaidi. Siku hizi mafuta yanauzwa kwa jina la dawa ya sunna, tangazo lina picha ya msikiti, na chini yake sauti ya shekhe iliyokatwa kutoka darsa ya habasoda. Hadithi ya habasoda ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim, na hatuna shaka nayo. Lakini hadithi haikutaja kichupa cha mtu yule, wala haikudhamini kuwa ndani yake mna habasoda. Yanaweza kuwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi na harufu. Na neno la miti shamba halimaanishi kuwa hakuna kemikali: duniani zimekamatwa krimu nyingi zilizoitwa za mimea tupu na ndani mna steroidi ambazo hazikuandikwa. Anayemtaja Mtume ili kuuza kitu asichokijua ameghushi mara mbili, mali ya watu na maneno ya Mtume. Na imepokewa na Abu Daud na wengineo kwamba anayejifanya tabibu bila ya kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya alichokiharibu. Yule dada aliyevimba kichwa ana haki ya kudai gharama ya matibabu, si bei ya kichupa peke yake.

Tumefika kwenye suali la pesa. Kwa Mashafi, kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona, kauli iliyo wazi zaidi ni kuwa hakusihi. Kinachosihi ni kuuza kwa sifa katika dhima, nayo ni salamu: mnunuzi analipa kwanza, na muuzaji anadhamini kuleta kitu kilichosifiwa kwa aina, kiasi na wakati wake. Biashara nyingi za mtandaoni wanazuoni wa leo wanazipimia mlango huu. Maana yake kwako ni kuwa maneno ya tangazo ndiyo mkataba. Aliandika minoksidili asilimia 5 ya kampuni fulani na akaleta chengine, hukulazimika kukipokea, na pesa yako iko juu ya shingo yake. Kwa hiyo lihifadhi tangazo, piga picha ya mazungumzo kabla hajayafuta, weka ujumbe wa malipo, na usikitupe kichupa. Ukiwa na hivyo, mshitakie ZFDA kwa upande wa dawa, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara kwa upande wa haki ya mlaji. Kwa wale wenye aibu, mtume kaka au mume akaseme kwa niaba yako. Wakala unajuzu.

Limebaki suali moja, la kijana mwenye duka dogo Chake. Aliagiza vichupa ishirini kutoka mtandaoni, akauza sita, kisha akagundua kuwa ni bandia. Anauliza kama anaweza kuviuza vilivyobaki kwa bei ya chini huku akimwambia mnunuzi kuwa ni mafuta ya kawaida. Hapana. Hajui ni mafuta ya nini, na asichokijua hawezi kukisifu. Wale sita awatafute awaambie na awarejeshee pesa zao, naye amdai aliyemuuzia. Ama vile kumi na vinne, imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliyamwaga maziwa yaliyotiwa maji ili kumtia adabu muuzaji wake. Imamu Malik akaona ni bora kitu kilichoghushiwa kitolewe sadaka, masikini wakanufaika nacho na mwenye kughushi akakikosa. Lakini maziwa yenye maji ni chakula, masikini atayanywa na yatamshibisha. Kichupa kisichojulikana kina nini hakina masikini wa kupewa. Avipeleke vyote ZFDA pamoja na karatasi za mzigo, wavipime na wavichome.

Wallaahu aalam.